Muunganisho ukikatika, jibu la kweli ni "sijui"

Leo siongelei simu mpya wala programu mpya. Nataka tuzungumzie jambo ambalo kila mtu anayefanya kazi na seva iliyo mbali amekutana nalo: muunganisho kukatika katikati ya kazi. Uko ndani ya hifadhidata, umeandika ombi lako, unabonyeza Enter, halafu... kimya. Hujui kama seva imezimika, kama ni ruta yako, kama stima imepotea huko, au kama kazi yako ilipokelewa na jibu ndilo lililopotea njiani.

Hapo watu wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kubonyeza tena. La pili ni kumpigia simu kijana wa kompyuta aizime seva na kuiwasha upya. Yote mawili yana madhara, na mara nyingi madhara hayamwangukii aliyebonyeza wala aliyezima. Humwangukia mtu mwingine kabisa. Nitawaeleza kisa kimoja ambacho karibu kimpokonye mama mmoja kazi yake, lakini kwanza tuelewane kuhusu msingi, maana bila msingi kisa hakieleweki.

MUUNGANISHO NI KITU GANI HASA?

Tukisema kompyuta mbili zimeunganishwa, wengi wetu hufikiria kitu kama waya ulionyooshwa kutoka huku hadi kule. Hakuna waya wa namna hiyo. Itifaki ya TCP, ambayo hubeba karibu kazi zote za hifadhidata kwenye mtandao, iliandikwa mwaka 1981 katika hati iitwayo RFC 793 na kuandikwa upya mwaka 2022 katika RFC 9293. Kwa TCP, muunganisho ni makubaliano tu. Kila upande unaweka kumbukumbu zake mwenyewe: naongea na fulani, nimemtumia baiti kadhaa, amekiri kupokea kadhaa. Basi. Msipotumiana kitu, hakuna kinachopita njiani. Mnaweza kukaa kimya saa nzima, na kila mmoja akaamini kwamba mwenzake bado yupo.

Sasa chukua laptopu iliyounganishwa na seva, uichomoe modemu ghafla. Laptopu haikupata nafasi ya kuaga. Seva nayo haijaambiwa lolote. Kwa seva, mteja wake yupo, amenyamaza tu. Na kunyamaza si kosa.

Je, seva itajua lini? Kuna njia ya kubisha hodi. TCP inaweza kutuma pakiti ndogo isiyobeba kazi yoyote, kuuliza tu kama mwenzake yupo. Lakini hati RFC 1122 ya mwaka 1989 iliagiza hodi hizo ziwe zimezimwa mpaka programu yenyewe izitake, na kwamba usipobadilisha mipangilio zisianze kabla ya saa 2 za ukimya. Linux inafuata agizo hilo: husubiri sekunde 7200, kisha hubisha mara 9, kila hodi ikipishana na nyingine kwa sekunde 75. Piga hesabu. Ni saa 2, dakika 11 na sekunde 15.

Kwetu mgeni hubisha hodi mara 3, asipoitikiwa huenda zake. Linux hubisha mara 9, tena baada ya kusimama nje ya mlango saa mbili nzima! Kwa hiyo mtu aliyechomoa modemu saa 12 kamili asubuhi anaweza kuhesabiwa kuwa "yupo" ndani ya seva mpaka saa 2 na dakika 11.

MTU WA KATIKATI ANAYESAHAU

Jambo la pili. Kati yako na seva kuna vifaa vingine: ruta ya ofisi, ngome ya mtandao, vifaa vya kampuni ya simu. Vingi vinafanya kazi inayoitwa NAT, yaani kompyuta nyingi zinatumia anwani moja ya nje, na kifaa hicho kinaweka jedwali la nani anaongea na nani. Nafasi katika jedwali ina mwisho wake. Kwa hiyo kifaa kikiona mazungumzo yamekaa kimya kwa muda fulani, hukufuta.

Hati RFC 5382 ya mwaka 2008 inasema kifaa cha NAT kisifute mazungumzo ya TCP yaliyo hai kabla ya saa 2 na dakika 4. Unaona hesabu yao? Walitaka ile hodi ya saa 2 iwahi kupita kabla ya kufutwa. Lakini vifaa vingi huko nje vina haraka zaidi. NAT Gateway ya Amazon, kwa mfano, imeandikwa wazi katika maelezo yake kwamba husahau baada ya sekunde 350 za ukimya. Load Balancer ya Azure, usipoibadilisha, ni dakika 4.

Kwa hiyo una watu watatu. Wewe unaamini muunganisho upo. Seva inaamini muunganisho upo. Mtu wa katikati ameshawasahau nyote wawili. Siku ukituma kitu, yeye anasema "simjui huyu" na kuitupa pakiti yako, au kukurudishia pakiti ya kuvunja muunganisho. Akiitupa kimyakimya ndiyo mbaya zaidi, maana kompyuta yako itaituma tena na tena. Linux hujaribu mara 15, na zoezi hilo huchukua kama dakika 15 au zaidi kabla haijakata tamaa na kukuambia.

Ukimsikia mtu akisema "nikienda kunywa chai nikirudi nakuta hifadhidata imekwama", ujue uwezekano mkubwa ni kwamba hifadhidata haina kosa lolote.

KIKAO HUBAKI NA FUNGUO

Mambo haya yangekuwa usumbufu mdogo tu kama muunganisho ungekuwa ndio kila kitu. Lakini ndani ya hifadhidata kila muunganisho una kikao chake. Katika PostgreSQL, kila kikao ni mchakato mzima unaojitegemea ndani ya seva. Kikao kinajua umeingia kama nani, umefungua muamala gani, na umeshika makufuli gani. Ukianza kubadilisha safu fulani katika jedwali, hifadhidata huifunga ili mwingine asiibadilishe kabla hujamaliza. Kufuli hilo hufunguliwa ukihitimisha muamala, au ukiufuta.

Na ukitoweka? Kikao hakijui kwamba umetoweka, kwa hiyo kinaendelea kukutunzia kufuli. Ni kama mtu aliyefunga ghala akaondoka na ufunguo, na mlinzi anaapa kwamba mwenyewe yumo ndani.

Haya, sasa kisa chenyewe.

MAZIWA YALIYOONGEZEKA

Miaka michache iliyopita niliitwa na chama kimoja cha ushirika cha wafugaji huko Nyandarua. Sitakitaja jina. Kila asubuhi wakulima huleta maziwa vituoni, wengine kwa punda, wengine kwa pikipiki, wengine kwa miguu. Karani hupima, huandika kilo kwa kalamu kwenye kadi ya mkulima, kisha huingiza kilo hizo hizo kwenye laptopu. Laptopu iliunganishwa kwa modemu ya simu na seva ya PostgreSQL iliyokuwa Nairobi. Mwisho wa mwezi kilo hujumlishwa na wakulima hulipwa.

Malalamiko yalikuwa mawili, na ofisi iliyaona kama mambo mawili yasiyohusiana. Kwanza, mfumo ulikuwa ukikwama asubuhi nyingi kati ya saa 1 na saa 2, vituo vyote kwa pamoja, na kijana wa ofisini alishazoea kuizima seva na kuiwasha upya. Pili, kituo kimoja kilichoko bondeni kilikuwa kikionyesha kilo nyingi kuliko zile zilizopakiwa kwenye lori. Meneja alikuwa ameshaamua: karani wa kituo kile anaingiza maziwa ya hewa ili watu wake walipwe. Alikuwa ameandikiwa barua ya kujieleza, na mshahara wake wa mwezi ule ulikuwa umezuiliwa.

"Kijana, wewe tutengenezee tu hiyo seva," meneja aliniambia. "Mambo ya huyo mama tuachie sisi."

Niliomba kitu kimoja. Kesho mfumo ukikwama, asiguse mtu seva. Nipewe dakika kumi.

Asubuhi saa 1 na nusu simu zikaanza kulia ofisini. Nikaingia kwenye seva na kuuliza swali hili:

SELECT pid, usename, state, xact_start, query FROM pg_stat_activity ORDER BY xact_start;

Hapo PostgreSQL hukuonyesha vikao vyote: namba ya mchakato, jina la mtumiaji, hali ya kikao, muamala ulianza saa ngapi, na ombi la mwisho. Hali ikiwa "active", kikao kina ombi ambalo halijakamilika. Ikiwa "idle", kimekaa tu, hakidai mtu. Ya kuogopa ni ile inayoandikwa "idle in transaction". Maana yake mtu alifungua muamala, huenda ameshika makufuli, halafu akanyamaza.

Kulikuwa na kikao kimoja katika hali hiyo kwa dakika 52. Vingine saba vilikuwa vinasubiri. Kuna kazi iitwayo pg_blocking_pids, iliyoletwa na toleo la 9.6 mwaka 2016, ambayo ukiipa namba ya anayesubiri inakutajia anayemzuia. Nikaiuliza kwa wote saba, na mnyororo wote ukaishia pale pale.

Kila kituo kilikuwa na jina lake la mtumiaji, kwa hiyo nilijua ni kituo gani. Haikuwa kile cha bondeni. Nikampigia karani simu. Akasema stima ilipotea usiku, laptopu ikamwishia chaji karibu saa nzima iliyopita, akaenda kuchaji kwa jirani, na sasa anajaribu kuendelea lakini mfumo umekwama. Masikini, alikuwa amezuiwa na mzimu wake mwenyewe! Kikao chake cha kwanza bado kilikuwa kimeshika kufuli, kwa sababu programu ile ilifungua muamala pale karani anapoandika namba ya mkulima, ikafunga safu ya jumla ya siku ya chama kizima, kisha ikasubiri binadamu amalize kupima maziwa. Mmoja akitoweka hapo katikati, vituo vyote vinasimama.

Nikakiondoa kikao hicho kimoja kwa pg_terminate_backend. Waliokuwa wakisubiri wakapita mara moja. Seva haikuzimwa.

Lalamiko la kwanza likawa limeeleweka. La pili nililishika kwa sababu lilinikera. Niliomba kadi za wakulima wa kituo cha bondeni, nikazilinganisha na rekodi za seva. Mkulima amepeleka kilo 7.4 kwa mujibu wa kadi. Kwenye seva ana 7.4 na tena 7.4, zikipishana kwa dakika chache. Mwingine hivyo hivyo. Mwingine tena. Kila ziada ilikuwa nakala ya rekodi iliyotangulia, kwa nukta ile ile, na ilikuwa imewaangukia wakulima wa kila aina, wala si ukoo mmoja. Mtu anayeiba haibi hivyo.

Kwa bahati nzuri aliyeiweka seva ile alikuwa ameiagiza iandike katika faili za kumbukumbu kila badiliko la data pamoja na namba ya mchakato. Nikazifuata jozi zile moja baada ya nyingine. Rekodi ya kwanza ya kila jozi ilitoka katika kikao ambacho baadaye kiliishia na ujumbe kwamba upande wa pili haujibu. Rekodi ya pili ilitoka katika kikao kipya. Na hazikuwa za kituo cha bondeni peke yake. Vituo vingine pia vilikuwa na jozi, lakini zao ziliangukia asubuhi zile seva ilipowashwa upya. Bondeni zilitokea karibu kila siku, kwa sababu huko mawimbi ya simu ni ya kubahatisha.

Nikaenda kumwona karani mwenyewe. Nikamwuliza, "Mama, muunganisho ukikatika, kompyuta inakuandikia nini?"

"Inaandika, 'Imeshindwa kuhifadhi. Jaribu tena,'" akasema. "Nami najaribu tena, mwanangu. Ningefanya nini?"

PROGRAMU ILIYODANGANYA

Hebu tulitazame sentensi ile: Imeshindwa kuhifadhi. Programu imejuaje?

Unapotuma amri ya kuhitimisha muamala, halafu muunganisho ukakatika kabla ya jibu, kuna mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea. Huenda amri haikufika. Huenda ilifika, seva ikashindwa kuitimiza, ikaufuta muamala. Au huenda ilifika, seva ikahifadhi vizuri kabisa, ikatuma jibu, na jibu ndilo lililopotea bondeni. Kwa upande wako yote matatu yana sura moja: kimya. Hakuna ujanja wa programu utakaokuwezesha kuyatofautisha bila kurudi kuiuliza seva.

Kwa hiyo jibu la kweli lilikuwa "sijui kama imehifadhiwa". Programu ile haikufundishwa kusema sijui. Ilisema imeshindwa, ikamwagiza mama arudie, mama akatii, na mama ndiye aliyeandikiwa barua.

Jambo hili hata asiyejua kompyuta analijua. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, Wakenya wamejifunza kwamba ukituma pesa na usipate ujumbe, hutumi tena papo hapo. Kwanza unaangalia salio. Mtumaji wa pesa ana busara hiyo, lakini programu nyingi za ofisini hazina.

Na ile dawa ya kuwasha seva upya? Ilikuwa inazidisha ugonjwa. Kila mara seva ilipozimwa, vituo vyote vilikatwa kwa mpigo. Waliokuwa wamehifadhi lakini hawajapata jibu, wote wakaambiwa jaribu tena. Malalamiko mawili ya ofisi yalikuwa ni jambo moja.

Niliandika ripoti fupi, nikaweka kadi upande mmoja na faili za seva upande wa pili. Meneja aliisoma mara mbili bila kusema neno. Barua ikaondolewa, mshahara ukalipwa. Sikumsikia akiomba msamaha, lakini wiki iliyofuata mama alipofika ofisini alivutiwa kiti na kuletewa chai, na waliomjua meneja yule waliniambia hilo si jambo dogo.

DAWA TULIYOTUMIA

Hizi ndizo hatua, na nyingi zitakufaa hata kama wewe hushughulikii maziwa.

1. Usifungue muamala wakati binadamu anafikiri. Kusanya kila kitu kwanza, kilo, namba ya mkulima na tarehe, kisha fungua muamala, andika, hitimisha. Kazi ya sehemu ndogo ya sekunde. Ukimya ukitokea, utokee nje ya muamala.

2. Kila rekodi ipewe namba yake kabla haijatumwa. Laptopu ya kituoni ndiyo inayotengeneza namba ya risiti, na seva ina sharti kwamba namba hiyo haijirudii. Karani akituma mara mbili, rekodi ya pili inakataliwa kimyakimya. Katika PostgreSQL andika INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING, inayopatikana tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016. Hapo kubonyeza tena kunakuwa salama kabisa. Hii ndiyo dawa kuu. Zilizobaki ni za kupunguza maumivu.

3. Programu iseme ukweli. Tuliibadilisha ile sentensi ikawa: "Sina hakika kama imehifadhiwa. Ngoja nikaulize." Ikipata muunganisho inaiuliza seva kama namba ile ya risiti ipo.

4. Fupisha subira ya hodi. Kwenye mipangilio ya PostgreSQL tuliweka tcp_keepalives_idle kuwa 60, tcp_keepalives_interval kuwa 10, na tcp_keepalives_count kuwa 3. Seva inabisha baada ya dakika moja ya ukimya, inabisha mara 3 kama mgeni mstaarabu, na asipoitikiwa kikao kinafungwa. Mzimu unaishi sekunde 90 badala ya saa 2. Tena hodi hizo zinamfanya mtu wa katikati asiwasahau. Usihofie gharama ya data. Hodi na jibu lake ni pakiti mbili, kila moja haifiki baiti 100. Hata ukibisha kila dakika kwa siku nzima hufikii kilobaiti 300.

5. Weka kikomo kwa wanaonyamaza ndani ya muamala. Mpangilio unaitwa idle_in_transaction_session_timeout, upo tangu toleo la 9.6. Sisi tuliweka dakika 2.

Anayetumia MySQL ajue kwamba huko mambo yamegeuka kidogo. Kuna wait_timeout, ambayo usipoigusa ni sekunde 28800, yaani saa 8. Kikao kikikaa kimya muda huo, seva yenyewe inakifunga. Ndiyo maana programu iliyoachwa wazi jioni hukutana asubuhi na ujumbe wa "MySQL server has gone away". Watu hushtuka wakidhani seva imekufa. Mara nyingi seva ni nzima, imekuchoka wewe tu. Kwa Oracle, mpangilio wa kutazama ni SQLNET.EXPIRE_TIME, ambao huandikwa kwa dakika.

Na ukiambiwa vikao vimejaa, usikimbilie kuongeza idadi. PostgreSQL huja na nafasi 100, MySQL nafasi 151. Kwanza angalia ni wangapi kati ya hao walio hai. Kuongeza viti katika ukumbi uliojaa mizimu hakusaidii.

NANI AMEKATA?

Kabla ya kumlaumu mtu, jiulize maswali matatu.

Je, hukatika baada ya ukimya wa muda ule ule? Jaribu hivi: kutoka kwenye kompyuta ya mbali, tuma SELECT pg_sleep(240). Seva italala sekunde 240 bila kutuma chochote, kisha itajibu. Jibu likija, jaribu 300, halafu 360. Ukiona moja inarudi na inayofuata hairudi kamwe, umempata mtu wa katikati, na unajua subira yake ni dakika ngapi. Jaribio hili lifanye kabla hujafupisha subira ya hodi, maana hodi zitamwamsha.

Je, wamekatika wote dakika ile ile, kutoka sehemu zote? Basi angalia seva yenyewe, au mtandao uliopo mbele yake.

Je, walio nchini wanafika kwenye seva zilizo nchini, lakini zilizo ng'ambo hazifikiki? Basi tatizo laweza kuwa mbali mno nawe, hata chini ya bahari. Februari 2012 nanga ya meli ilikata kebo ya TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwingineko Afrika Mashariki. Siku kama hiyo unaweza kubadilisha mipangilio mpaka uchoke, utaharibu tu kilichokuwa kizima.

KWA WANAOTUMIA SSH

Wengi wetu huingia kwenye seva kwa SSH, na huko nako mambo ni yale yale. Katika faili ya mipangilio ya kompyuta yako, weka ServerAliveInterval 60. Bila hiyo ni sifuri, yaani SSH haibishi hodi ya aina hiyo kabisa. Idadi ya hodi zinazokosa jibu kabla ya kukata, ServerAliveCountMax, tayari ni 3. Labda aliyeichagua aliwahi kupita pwani yetu!

Na usianzishe kazi ndefu ya hifadhidata moja kwa moja kwenye dirisha la SSH. Tumia screen, ambayo ipo tangu 1987, au tmux, iliyotoka 2007. Kazi inaendelea kuishi ndani ya seva hata wewe ukikatika. Ukirudi unaikuta ilipo, na hujiulizi kama ilimalizika au la.

Kwa ufupi basi, mitandao itaendelea kukatika. Stima itapotea, modemu zitachomolewa, nanga zitakokota kebo. Hilo hatuliwezi. Tunaloliweza sisi tunaoandika programu ni kuzifundisha zikiri pale zisipojua, na kuhakikisha kwamba anayejaribu tena hapati hasara wala halaumiwi. Kwa hiyo kama kuna programu unayoitunza, ifungue wiki hii utafute mahali inaposema "imeshindwa". Kila unapoliona neno hilo, uliza: imejuaje?

Kwa leo naishia hapa. Mwenye njia nzuri zaidi ya kuwafukuza mizimu asituonee choyo, atuandikie. Kila la heri.